Nocturnal, Decamerón, Koyunbaba au All in Twilight: uanze na ipi?

Mpiga gitaa la klasiki akishamaliza mazoezi ya Sor na Carcassi, akamzoea Tárrega, kisha akazipitia priludi tano za Villa-Lobos, kila mtu huanza kumwambia kwamba wakati wa kazi kubwa ya kisasa umefika. Shida ni kwamba kila mshauri ana yake. Ukikusanya ushauri wote, majina manne hayakosi: Nocturnal ya Benjamin Britten (1963), El Decamerón Negro ya Leo Brouwer (1981), Koyunbaba ya Carlo Domeniconi (1985) na All in Twilight ya Toru Takemitsu (1987). Zote ni za gitaa peke yake, zote zina sehemu kadhaa, na zote huchukua zaidi ya dakika kumi jukwaani, Nocturnal ikikaribia dakika 18. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Ninaowaandikia ni watu wanaosoma noti bila kubabaika, ambao mkono wa kushoto unapanda kupita freti (kigawanyo cha chuma kwenye shingo ya gitaa) ya 12 bila hofu, na walio tayari kukaa na kipande kimoja kwa miezi. Niseme mapema ninakoelekea: kwa walio wengi, wa kuanza naye ni Brouwer. Lakini wapo ambao Brouwer atawapotezea muda, na wapo ambao Koyunbaba itawafaa kuliko wanavyosema walimu wao.

Rekodi zinadanganya

Wengi huchagua kwa rekodi. Unasikiliza, unapenda, unatafuta noti. Kwa muziki wa karne ya 19 njia hiyo haina ubaya sana, maana kinachosikika kigumu mara nyingi ndicho kigumu kweli. Kwa kazi hizi nne inapotosha. Presto, sehemu ya mwisho ya Koyunbaba, inamwagika kama mvua ya masika, msikilizaji anabaki mdomo wazi, kumbe mkono wa kushoto haufanyi mengi: nyuzi zilizo wazi ndizo zinazobeba mzigo, na mkono wa kulia unarudia mpangilio uleule wa vidole ukurasa baada ya ukurasa. All in Twilight ni kinyume chake. Unasikia mtu anagusa uzi hapa, anaacha, anagusa pale. Ukifungua karatasi unakuta kila mguso una maelekezo yake: nguvu kiasi gani, karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye ubao) au juu ya shingo, uachwe ulie hadi wapi, mwendo upungue lini na urudi lini. Vidole havichoki, ila akili inachoka.

Ndiyo maana badala ya kuuliza ipi ni ngumu, mimi huuliza kwanza kama aliyeitunga alikuwa mpiga gitaa.

Aliyetunga alipiga gitaa?

Brouwer, mzaliwa wa Havana mwaka 1939, alikuwa mpiga gitaa wa majukwaa makubwa kabla ya jeraha la kidole cha mkono wa kulia kumfanya aache kupiga hadharani na kubaki na utunzi na kuongoza okestra. Domeniconi, Mwitaliano aliyezaliwa 1947, akahamia Berlin na kufundisha Istanbul kwa muda, naye ni mpiga gitaa. Tungo za hawa wawili zinakaa mkononi. Ukikuta mlolongo wa noti unaotisha kwenye karatasi ya Brouwer, usikimbie, uweke mkono ujaribu. Mara nyingi utakuta ni umbo moja la vidole vya kushoto linalosogezwa juu na chini ya shingo huku uzi mmoja au miwili ikiachwa wazi. Alilijua gitaa kwa vidole vyake, akaandika kinachowezekana na kinachosikika kikubwa kwa wakati mmoja.

Britten hakuwa mpiga gitaa. Alimwandikia Julian Bream, Mwingereza aliyekuwa akimsindikiza mwimbaji Peter Pears kwa luti (chombo cha kale cha nyuzi, ndugu wa gitaa) na gitaa, na ambaye kupitia kwake Britten alikuwa ameshaandika Songs from the Chinese mwaka 1957. Kwa hiyo gitaa hakuwa mgeni nalo, ila alilijua kwa masikio. Matokeo yake, kila noti ya Nocturnal inapigika, na karibu hakuna iliyowekwa pale ilipo kwa ajili ya raha yako. Takemitsu naye alilipenda gitaa na kuliandikia mara nyingi, kuanzia Folios ya 1974 hadi kazi zake za mwisho, lakini aliandika rangi ya sauti aliyoisikia kichwani, na rangi hiyo mara nyingi inapatikana mahali pamoja tu kwenye shingo. Ukihamisha noti kwenye uzi mwingine kwa kuwa ni rahisi zaidi, noti ni ileile na muziki umekwisha kuharibika.

Kwa anayechagua, tofauti hiyo ina uzito wa vitendo. Kwa Brouwer au Domeniconi, ukurasa wa kwanza utaanza kusikika kama muziki mapema, na moyo wa kuendelea unapatikana humo humo. Kwa Britten na Takemitsu, kipindi kirefu cha mwanzo ni majadiliano kati ya vidole na karatasi, na asiye na subira huishia kuiweka karatasi kabatini.

Koyunbaba: kazi inaanzia kwenye vikazio vya nyuzi

Gitaa la kawaida, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni E, A, D, G, B, E. Koyunbaba inataka C shapu, G shapu, C shapu, G shapu, C shapu, E. Uzi wa sita unashuka nusutoni tatu. Wa tano na wa nne unashuka nusutoni moja kila mmoja. Wa tatu unapanda moja, na wa pili unapanda mbili. Wa kwanza peke yake ndio unaobaki ulivyokuwa. Ukipitisha kidole juu ya nyuzi zote bila kukandamiza chochote, unapata akodi ya C shapu ya huzuni (minor) iliyokamilika, na hapo siri ya kazi nzima inakuwa imefichuka: gitaa lenyewe limegeuzwa likawa chombo chenye sauti za kudumu zinazovuma chini ya lahani, kama zilivyo luti za shingo ndefu za Uturuki.

Athari za kukaza na kulegeza huku hazionekani kwenye rekodi. Uzi wa sita ukilegea kiasi hicho unapwaya, na ukiupiga kwa nguvu uliyozoea unagonga freti na kutoa mlio wa bati. Inabidi kidole gumba kijifunze upya: kibonyeze uzi kuelekea ndani kisha kiuachie, kisiuchape. Uzi wa pili nao uko kwenye mvutano, na nailoni ina tabia ya kutaka kurudi ilikotoka. Ukitungua nyuzi, yaani ukizikaza na kuzilegeza hadi sauti zinazotakiwa, dakika tano kabla ya kupanda jukwaani, kufikia Mosso, yaani sehemu ya pili, ule wa pili umeshashuka na wa sita umeshapanda. Tungua siku moja kabla, vuta nyuzi kidogo kwa mkono ili zilegee, tungua tena, na usitumie nyuzi zilizochakaa. Kwenye tamasha, iweke mwisho wa kipindi cha kwanza ili mapumziko yatumike kurudisha gitaa kwenye hali yake, la sivyo uwe na gitaa la pili. Ukiiweka katikati ya programu, kipande kitakachofuata ndicho kitakacholipa.

Kusoma nako kunageuka. Freti ya pili ya uzi wa pili, ambayo maisha yako yote imekuwa C shapu, sasa inatoa D shapu. Hodari wa kusoma noti huteseka hapa kuliko mtu anayejifunza kwa sikio na kwa kuangalia umbo la mkono. Huyu wa pili, ambaye Britten angemkatisha tamaa, anaweza kuwa na Koyunbaba mkononi haraka ajabu. Ndiyo sababu sikubaliani na walimu wanaoibeza. Kwa mwanafunzi wa aina hiyo, inafungua mlango wa muziki mrefu wenye sehemu nne (Moderato, Mosso, Cantabile, Presto) ambao njia nyingine zote zimemfungia.

Ninachoilaumu ni kitu kingine. Ukishaijua, imekwisha kukuambia karibu yote iliyonayo. Hali yake ni nzuri mno, giza na upana wake havina mfano, ila hoja ni chache. Halafu kuna ugonjwa wa Presto: wapigaji wanakimbia. Mdundo wake unabeba watu hata ukipigwa kwa mwendo wa wastani, lakini vijana huishindanisha kama mbio, lahani inazama ndani ya vurugu za vidole, na kinachobaki ni kasi tu. Sehemu inayomwonyesha mpigaji ni ile ya kwanza, Moderato, ambamo lahani inapambwa kwa noti za kuvuta na kugonga kwa mkono wa kushoto, na ambamo hakuna pa kujificha.

Brouwer: shujaa aliyetaka kupiga kinubi

El Decamerón Negro iliandikwa kwa ajili ya Sharon Isbin, mpiga gitaa wa Marekani. Msingi wake ni hadithi za Kiafrika zilizokusanywa na Mjerumani Leo Frobenius mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu ni tatu: kinubi cha shujaa, kutoroka kwa wapenzi kupitia bonde la mwangwi, na balada ya binti aliyependa. Hadithi ya kwanza ndiyo inayofaa kujulikana kabla ya kugusa uzi. Shujaa mkubwa wa vita anataka kuwa mwanamuziki, ukoo wake hautaki kusikia habari hiyo, anaondoka zake na kinubi. Ukoo unaanza kushindwa vitani, wanamwendea wakimsihi arudi, anarudi, anawashinda maadui, kisha anarejea kwenye kinubi chake. Sehemu yote ya kwanza ni mvutano huo: mapigo makavu ya vita upande mmoja, lahani inayotaka kuimba upande wa pili, na hakuna upande unaopewa nafasi ya kutosha.

Wakati anaiandika, Brouwer alikuwa ametoka kwenye miaka ya majaribio makali, ile iliyozaa La espiral eterna ya 1971, ambamo lahani karibu haipo na kinachotembea ni ukungu wa sauti. Hapa amerudi kwenye nyimbo zinazoimbika, ila amekuja na mafunzo ya huko. Anachukua kiini cha noti tatu nne, anakirudia, anakiongezea noti moja, anakirudia tena, na kabla hujatambua kimekuwa sentensi. Mpigaji asiyehesabu anapotea hapo. Mkazo unahama kutoka noti ya kwanza kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya pili, na vidole vikishazoea umbo vinajiendesha vyenyewe na kuweka mkazo pale vinapopenda.

Sehemu ya pili ndiyo ningempa mtu aiangalie kwa karibu kuliko zote. Brouwer ameigawa katika vipande vyenye majina, na kuna mbio za farasi za wapenzi, kumbukumbu, bonde lenyewe la mwangwi, kurudi. Bondeni, kiini kinapigwa kwa nguvu na kufuatwa na kivuli chake kwa sauti ya chini. Wengi hupunguza nguvu tu, wakapata noti zilezile zikiwa dhaifu. Mwangwi haufifii tu, unatoka mbali. Mimi husogeza mkono wa kulia: mara ya kwanza karibu na daraja ambako sauti ni kavu na ina makali, mara ya pili juu ya tundu la sauti au hata mwanzoni mwa shingo ambako inakuwa laini. Na kitu kimoja hakiguswi, nacho ni mdundo. Mwangwi ukichelewa hata kidogo, masikio yanasikia mpigaji aliyesitasita, na bonde linatoweka.

Faida kubwa ya kazi hii kwa anayeanza ni kwamba kila sehemu inasimama peke yake. Unaweza kujifunza balada, ambayo ni pole na ina wimbo unaorudi mara kwa mara, ukaipiga hadharani mwaka huu, na nyingine mbili zikafuata baadaye. Hakuna atakayesema umekata kitu. Nocturnal haikupi ruhusa hiyo hata kidogo.

Nani asianze na Brouwer? Yule ambaye mikono yake tayari ni myepesi, aliyelelewa na muziki wa Amerika ya Kusini, anayeweza kupata umbo lolote kwa siku mbili. Huyo atafurahi, atashangiliwa, na hatakuwa amejifunza kitu asichokijua. Aende kwa Takemitsu akanyooshwe.

All in Twilight: kazi ya kusubiri

Jina limetokana na mchoro wa pasteli wa Paul Klee. Vipande ni vinne, havina majina, vina namba tu. Bream ndiye aliyeiagiza kazi hii na akaipiga kwa mara ya kwanza New York mwaka 1988.

Gitaa la nailoni lina udhaifu unaojulikana: noti ikishapigwa inaanza kufa. Watunzi wengi huficha jambo hilo kwa kujaza noti nyingine. Takemitsu anaitunga kwa makusudi ile hali ya kufa. Noti tatu zinapigwa pamoja, juu yake inawekwa hamoniki, ile sauti ya kengele inayopatikana kwa kugusa uzi bila kuukandamiza, na kisha zote zinaachwa zififie kila moja kwa kasi yake. Kidole cha kushoto kikinyanyuka mapema, noti ya kati inakatika na rangi yote inabadilika. Hakuna atakayesema umekosea noti, kwa sababu hujakosea. Lakini kilichoandikwa hakikusikika.

Zoezi ambalo huwapa watu kabla hata ya ukurasa wa kwanza ni kupiga noti moja tu, wakausikiliza mlio hadi usikike kwa shida, kisha wakapiga inayofuata kwa kiwango kilekile cha sauti ambacho ya kwanza imefikia. Fanya hivyo kwa noti nane. Wengi wanafika ya tatu, mkono unapoteza subira na kupiga kwa nguvu. Kama zoezi hilo linakuchosha kabla halijaisha, umepata jibu lako kuhusu All in Twilight, na si aibu.

Kuna gharama nyingine, nayo ni chombo. Koyunbaba inasamehe gitaa la kawaida, kwani nyuzi zilizo wazi zinasaidiana kuvuma. Brouwer pia anasamehe kiasi. Takemitsu hasamehi. Gitaa lisiloshikilia sauti, ambalo noti za juu zinakatika mara tu baada ya kupigwa, litaigeuza kazi hii kuwa mfululizo wa madoa. Ukumbi nao uwe kimya. Penye feni inayovuma, robo ya muziki imeshachukuliwa.

Anayevutiwa na lugha ya Takemitsu lakini anaona vipande hivi vinne vimejifunga mno, aangalie In the Woods, kazi yake ya mwisho ya gitaa, iliyokamilika mwishoni mwa 1995, miezi michache kabla hajafariki Februari 1996. Ni vipande vitatu vilivyotolewa kwa wapigaji watatu, John Williams, Kiyoshi Shomura na Bream. Vinaimba waziwazi zaidi, na cha kwanza, Wainscot Pond, ninakiona kuwa mlango rahisi zaidi wa kumwingia mtunzi huyu. Bado si rahisi.

Nocturnal: wimbo unaokuja mwisho

Kwa kawaida mtunzi anayegeuzageuza wimbo huuleta kwanza wimbo wenyewe, tukaufahamu, ndipo aanze kuuchezea. Britten amegeuza utaratibu huo. Unapewa mageuzo manane kwanza, na wimbo wenyewe, Come, Heavy Sleep wa John Dowland uliochapishwa 1597, unatokea mwishoni kabisa. Ni wimbo wa mtu anayeuomba usingizi uje, na usingizi huo ukiwa umekaribiana mno na kifo. Mageuzo yanayotangulia ni usiku wa asiyelala: anatafakari, anafadhaika, anakosa utulivu, kuna sehemu ya mwendo wa askari, kuna ndoto, kuna kubembelezwa. Kisha linakuja geuzo la nane, Passacaglia, ambayo kwangu ndiyo kilele cha muziki wote wa gitaa wa karne ya 20.

Tuiangalie hiyo kidogo. Besi ina noti sita zinazoshuka ngazi kwa ngazi, na hazibadiliki. Zinapita, zinanyamaza, zinarudi. Juu yake kila kitu kinabadilika: vipande vya wimbo, mikimbio, mafungu mazito ya noti. Mara sauti ya juu inakuwa kali kiasi kwamba unatarajia besi iipishe, na besi haipishi. Inabidi ionekane kama kuna watu wawili wanaopiga, mmoja asiyemsikiliza mwenzake kabisa. Kosa la kawaida ni kuiruhusu besi ifuate hisia za juu, ipige kwa nguvu juu inapopiga kwa nguvu. Ukifanya hivyo, kile kinachoogopesha kimeondoka. Halafu mvutano unalegea, noti zinatulia, na Dowland anaingia kwa sauti ya chini, katika upatano ambao sikio limekuwa likiutafuta tangu mwanzo bila kujua.

Ndiyo sababu nasema haikatwi. Ukipiga mageuzo matatu kwenye mtihani, umepiga maswali bila jibu. Ukiipiga yote, unahitaji kumbukumbu ya dakika 18 za muziki ambao haujirudii kwa urahisi, na unahitaji kulihifadhi gitaa na nafsi yako hadi sehemu ambayo ni nzito kuliko zote ije mwishoni.

Aliyeamua kuikabili asianze na ukurasa wa kwanza. Ajifunze wimbo wa Dowland wenyewe kwanza, autafute ulivyo kwa mwimbaji na luti, auimbe hata kama sauti yake ni ya kuazima. Baada ya hapo ajifunze wimbo huo jinsi Britten alivyouweka mwishoni, kisha Passacaglia, na ndipo arudi mwanzo. Kila sehemu atakayoigusa, ataona kipande cha wimbo kimejificha ndani yake, na kuhifadhi kichwani kutakuwa na kitu cha kushikilia. Wapo wanaopenda mwimbaji auimbe wimbo huo jukwaani kabla Nocturnal haijaanza, ili wasikilizaji wafuatilie. Mimi siafiki. Britten alijitahidi kuuficha, na wewe unautangaza mlangoni. Maneno mawili matatu kwa wasikilizaji yanatosha.

Kuhusu wasikilizaji

Mbele ya watu ambao hawajawahi kusikia gitaa la kisasa, Koyunbaba haina mpinzani. Brouwer anaifuata kwa karibu, hasa ukiwasimulia hadithi ya shujaa kwa sentensi tatu. Nocturnal inawapata wale waliokuja kusikiliza kweli, na ukiipiga vizuri ukumbi hukaa kimya kabla ya makofi. All in Twilight isiwe ya kufungulia wala ya kufungia. Mahali pake ni baada ya kitu chenye kelele, ambapo masikio yanataka kupumzishwa.

Ukiwa na miezi michache kabla ya siku ya kupiga, chukua sehemu moja ya Decamerón. Ukiwa na mwaka mzima na mwalimu anayejua anachokifanya, chukua Decamerón yote, au Britten ikiwa umri wako wa gitaa unaruhusu na una sababu ya ndani ya kuitaka. Ukiwa unajifunza kwa sikio haraka kuliko kwa noti, Koyunbaba. Ukiwa na vidole vya haraka na unasikia watu wakikusifu kwa kasi tu, Takemitsu, na usibishane.

Kama hakuna inayokufaa kati ya hizi

Inawezekana zote nne ni kubwa mno kwa sasa. Hapo jibu langu ni Elogio de la danza ya Brouwer, ya 1964. Ina sehemu mbili tu, Lento na Obstinato, inachukua dakika sita au saba, na ndani yake kuna karibu kila kitu utakachokihitaji baadaye: migongano ya sauti isiyoombwa radhi, mapigo ya mkono juu ya ubao wa gitaa, ukimya unaohesabiwa, mdundo unaokataa kukaa sawa. Ningeiweka mbele ya kazi zote nne kwa yeyote ambaye hajawahi kupiga muziki wa baada ya 1950.

William Walton aliandika Five Bagatelles kwa ajili ya Bream, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zinang'aa, zina ucheshi, hazimwogopeshi msikilizaji, na mkono wa kushoto unazikuta ngumu kuliko zinavyosikika. Sonata ya Alberto Ginastera ya 1976, iliyoandikwa kwa ajili ya Carlos Barbosa-Lima, ni ya mtu anayetaka gitaa lipigwe, likwaruzwe, lilie kama ngoma na kama upepo. Si ya kuanzia, ila ni zawadi kwa mwenye nguvu. Sequenza XI ya Luciano Berio, iliyoandikwa kwa Eliot Fisk mwishoni mwa miaka ya 1980, nawaachia wataalamu. Kuipiga nusu nusu hakumsaidii mtu.

Noti zenyewe

Zote nne bado zina hakimiliki, na nakala zinazozagaa mtandaoni zina kasoro. Koyunbaba ndiyo inayoathirika zaidi, kwa sababu kutungua kwake kunawafanya watu waibandike kwa tabo (maandishi yanayoonyesha uzi na freti kwa namba) walizojitengenezea wenyewe, na kosa la mmoja linanakiliwa na mia. Ipo chapa ya Edition Margaux. Britten iko kwa Faber Music, Takemitsu kwa Schott Japan, Decamerón kwa Éditions Musicales Transatlantiques.

Kwenye Nocturnal utakuta vidole vilivyopangwa na Bream. Vipitie vyote kabla ya kubadilisha kimoja, kwa sababu alivichagua kwa ajili ya rangi ya sauti na si kwa ajili ya urahisi. Lakini mkono wake haukuwa mkono wako. Pale ambapo kunyoosha kidole kunaikata besi ya Passacaglia, badilisha kidole na uiache besi iendelee.